Nani Kawaambia Kiboko Anakula Sana?

Wajukuu zangu, ukitoka Mpanda mjini ukashika barabara ya kusini, baada ya kilomita 35 hivi unafika Sitalike. Hapo ndipo mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na hapo Mto Katuma unapita chini ya daraja. Mwezi wa tisa na wa kumi, maji yakishakauka, viboko hubanana kwenye tope lililobaki, mgongo kwa mgongo, wakikoroma na kugombana mchana kutwa. Wageni hupanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kulitazama tope hilo. Watoto wa Sitalike wanaliona bure.

Sasa, mkoani kwetu Katavi tusi la kiboko halikai mbali na ulimi. Mtoto mwenye mwili akiingia darasani, huko nyuma kuna mtu ataguna kwa sauti ya puani. Akiomba kuongezwa ugali nyumbani, kaka yake atasema, "Huyu anakula kama kiboko." Mwembamba naye hapumziki. Ataitwa njiti, ataitwa twiga, ataambiwa asitoke nje upepo usije ukamchukua.

Mimi nataka kwanza kumtetea mnyama, maana yeye hawezi kujibu. Kiboko mkubwa hufika kilo 1,500, na madume mengine hupita 2,000. Usiku hutoka majini kwenda malishoni, na usiku mzima hula majani kama kilo 40. Ng'ombe wa kilo 300, mfano wa hawa wanaochungwa kule Mpimbwe, hula majani mabichi yapata kilo 30 kwa siku. Pigeni hesabu. Kiboko mmoja ana uzito wa ng'ombe watano, lakini chakula chake hakifiki hata cha ng'ombe wawili. Hana haja ya kula sana, kwa sababu mchana anashinda majini, maji yanambebea mwili, wala hahangaiki juani. Na ule unene wake watu wanadhani ni mafuta. Sehemu kubwa ni nyama na ngozi, ngozi ambayo mahali pengine ina unene wa sentimita 5. Twiga naye, shingo yote ile ndefu ina mifupa saba. Shingo yako wewe ina saba pia.

Kwa hiyo anayekwambia unakula kama kiboko, amesema unakula kidogo kuliko mwili wako. Mshukuru, uendelee na ugali.

Lakini najua utani haumalizwi kwa hesabu. Kuna swali kubwa zaidi ambalo watoto huwa wananiuliza, tena kwa sauti ya chini: mbona watu wazima wanautazama sana mwili wangu? Shangazi akishuka tu kwenye basi, kabla hujammalizia shikamoo, ameshasema, "He! Umekonda hivi, hawakulishi?" Mwezi ujao anakuja mama mdogo kutoka Dar es Salaam: "Mwanangu, punguza kula, unakuwa bonge." Mwili ni uleule. Umesimama palepale mlangoni na ndoo yako ya maji.

Nilivyowasikiliza watu wazima kwa muda mrefu, nimeona hivi: mtu akiusema mwili wako, mara nyingi anasimulia habari zake mwenyewe. Anasema alichokiona zamani, na anachokiogopa mpaka leo. Ukiijua habari yake, maneno yake hayakuchomi sana. Tuanze na bibi.

Kwetu Katavi mvua huanza mwezi wa kumi na moja na kuendelea hadi wa nne. Mahindi huvunwa kuanzia mwezi wa tano. Maana yake, mahindi ya mwaka jana lazima yavuke Desemba, Januari, Februari na Machi, na ndiyo miezi ya kazi nzito ya kulima na kupalilia. Katika nyumba nyingi ghala hupungua katikati ya safari hiyo. Chakula kinakuwa kidogo wakati jembe ni zito, mbu ni wengi na watoto wanaharisha. Bibi aliyelea watoto sita katika miezi hiyo hawezi kumwona mtoto ameacha ugali kwenye sahani akanyamaza.

Na kuna mabibi wa Katumba na Mishamo. Mwaka 1972 mauaji yalipotokea Burundi, watu kwa maelfu walivuka wakaja Tanzania. Makazi ya Katumba yalifunguliwa 1973, ya Mishamo 1978, katika mapori ya miombo ambako walianza kwa mgao wa chakula na jembe mkononi, mpaka wakaweza kujilisha, na baadaye wakauza muhogo, maharage na mahindi hata kwa wengine. Wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Aliyekuwa mtoto wa miaka minane wakati ule wa kukimbia, leo ni bibi wa mtu, na yawezekana ndiye bibi yako. Akikwambia "maliza," usidhani anaitazama sahani yako peke yake.

Mabibi hawa waliona pia jambo moja la ajabu ambalo ninyi, kwa bahati nzuri, hamjaliona sana. Waliona watoto waliovimba kwa njaa. Ugonjwa huo wengine wanauita kwashakoo, na vitabu vyetu vya afya vinauita unyafuzi. Mara nyingi humpata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa, akabaki na uji mtupu au ugali na mchuzi wa chumvi. Miguu inajaa maji, mashavu yanavimba, tumbo linatoka mbele, nywele zinakuwa nyepesi na kugeuka rangi. Mgeni akimwona atasema, "Mtoto ameshiba huyu." Kumbe yuko karibu kufa. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa madaktari wa dunia mwaka 1933, alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo. Wenzake wengi hawakutaka kumsikiliza. Lakini akina mama wa Ghana walikuwa wanaujua zamani, na walikuwa na jina lake.

Nimeusimulia kwa sababu moja. Macho yanadanganyika. Mtoto anaweza kuonekana mnene naye ana njaa, na mwingine akaonekana mwembamba naye ni mzima, anakimbia kutoka Kawajense mpaka stesheni ya Mpanda bila kuhema.

Shangazi anayeogopa wembamba naye ana habari yake. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika Hospitali ya Ndolage, mkoani Kagera. Miaka ile hapakuwa na dawa. Mtu alianza kukonda, watu wakaanza kunong'ona, na baada ya miezi mkawa mnakwenda msibani. Kule Uganda ugonjwa wenyewe uliitwa kwa neno la Kiingereza la wembamba. Hali ikaendelea hivyo karibu miaka ishirini, mpaka dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure hospitalini miaka ya 2000. Mtu aliyekuwa kijana wakati ule alijifunza kuusoma unene kama habari njema na wembamba kama habari ya kifo. Leo mwenye virusi akitumia dawa zake vizuri anaishi, ananenepa, anazeeka. Lakini ulimi wa shangazi ulifundishwa kabla ya dawa hizo kufika.

Wapo pia wanaopenda unene kwa sababu ya heshima tu. Hili ni la kale sana katika nchi zetu za magharibi. Mwishoni mwa 1861 Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, alifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika, akitafuta chanzo cha Mto Nile. Kule wanawake wa jumba la kifalme walinyweshwa maziwa mpaka wanenepe kupita kiasi, ili kila mgeni ajue ng'ombe wa mfalme walivyo wengi. Speke alimkuta mke wa kaka yake mfalme hawezi kusimama. Akaomba kumpima, jambo ambalo mimi naliona la utovu wa adabu hasa, na akaandika kwamba mkono wake wa juu ulikuwa na mzunguko wa sentimita 58 hivi. Pembeni alikaa binti yake wa miaka 16, ananyonya chombo cha maziwa. Baba alikuwa karibu, ameshika fimbo, ili binti asiache kunywa.

Watu wakisimulia kisa hiki hucheka habari ya mama. Mimi namfikiria yule binti. Njaa yake haikuulizwa, na shibe yake haikuulizwa. Mwili wake ulikuwa tangazo la utajiri wa watu wengine. Fimbo ya namna ile bado ipo kwenye nyumba nyingi, hata kama sasa ni ya maneno: "Maliza hiyo sahani, watu watasema hatukulishi." Mtoto anakula ili majirani wanyamaze.

Sasa twende Mpimbwe, maana hapa pana habari yetu wenyewe, na nitakaa kidogo.

Katika bonde la Ziwa Rukwa, kusini mwa mkoa wetu, Wapimbwe ndio wenyeji. Wasukuma walianza kuhamia huko na ng'ombe wao tangu miaka ya 1970 hivi. Wanaishi jirani, mvua yao ni moja, mbu wao ni wale wale. Mtafiti wa Marekani aitwaye Craig Hadley alikwenda vijiji vya huko akapima watoto wadogo wa pande zote mbili, akachapisha matokeo 2005. Kwa wastani watoto wa Kisukuma walikuwa wamekua vizuri zaidi kuliko wa Kipimbwe.

Subiri, usikimbilie kusema "basi Wapimbwe ni wafupi kwa damu." Hilo ndilo kosa ambalo watu wengi hulifanya. Angalia ghala kwanza. Kaya za Wasukuma zilikuwa na mashamba makubwa zaidi, zilikuwa na ng'ombe wa kulimia na wa kuuza shida ikija, na miezi ya njaa haikuzibana sana. Familia nyingi za Kipimbwe zililima kidogo kwa jembe la mkono, na ghala liliisha mapema. Mwaka uliofuata Hadley na mwenzake Crystal Patil wakachapisha jambo jingine kutoka vijiji vya Tanzania: akina mama ambao nyumba zao zilikuwa na shida ya chakula ndio waliokuwa na wasiwasi na huzuni zaidi. Kwa hiyo mama akikufokea kwa sababu umemwaga uji, huenda alikuwa anahesabu vikombe tangu asubuhi.

Mtoto asipopata chakula cha kutosha na cha aina mbalimbali katika miaka miwili ya mwanzo, au akiugua kuhara mara kwa mara, mwili wake hufanya uamuzi wa kubana matumizi: unapunguza kurefuka. Tunauita udumavu. Hauumi, hauvimbishi mguu, wala hauleti homa, na ndiyo maana ni vigumu kuuona. Mtoto anacheza, anacheka, ni mfupi tu. Na kama watoto wa mtaa mzima wamedumaa, hakuna atakayestuka. Watasema, "Ukoo wetu ndivyo tulivyo."

Je, ni kweli? Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto zaidi ya 8,000 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Marekani, Norwei na Omani. Walichagua watoto walionyonyeshwa vizuri, waliolishwa vizuri, na ambao mama zao hawakuvuta sigara. Wale wa Accra, wa Muscat na wa Oslo, walipotimiziwa hayo, walirefuka karibu sawasawa mpaka miaka mitano. Mwaka 2006 vipimo hivyo vikatolewa kwa dunia nzima. Ndivyo wanavyotumia kliniki kukupima wewe. Urefu wa wazazi una nafasi yake, sikatai, na mtoto mmoja mmoja hutofautiana. Lakini watoto wa kijiji kizima wakiwa wafupi, pana jambo la kuulizwa jikoni, kisimani na shambani.

Na hapa pana fumbo. Katavi ilikuwa sehemu ya Rukwa mpaka 2012, na Rukwa ni mkoa unaojulikana nchi nzima kwa mahindi. Malori yanatoka huko yamejaa. Lakini utafiti wa taifa wa 2015–16 ulikuta watoto 56 katika kila 100 wa mkoa wa Rukwa, walio chini ya miaka mitano, wamedumaa. Nchi nzima ilikuwa 34. Nafaka imejaa na watoto wamedumaa, inakuwaje?

Inakuwa hivi. Mahindi yanauzwa, au yanaliwa peke yake. Ugali unashibisha sana, na tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, linajaa kabla hajapata anachohitaji. Kuku wanataga, mayai yanapelekwa sokoni kununua sabuni na madaftari. Dagaa na migebuka wanatoka Karema na Ikola, pale pale kwenye Ziwa Tanganyika, lakini katika mboga mtoto anapewa mchuzi, samaki ni wa baba. Karanga zinalimwa, zinaingia kwenye gunia. Nafaka yenyewe inakobolewa mpaka iwe nyeupe pe, maana sembe ndiyo heshima, na dona wengine bado wanauona ni ugali wa bweni; pumba na kiini vinabaki mashineni pamoja na vitamini zake, wanakula nguruwe na kuku. Wanashukuru sana.

Halafu kuna sinia. Mimi naipenda sinia, inafundisha watoto kukaa pamoja. Lakini sinia haina haki. Kaka wa miaka 13 ana kiganja kikubwa na hachomwi na moto. Mdogo wa miaka mitatu bado anapuliza tonge lake la kwanza wakati mboga inakwisha. Ukimwona mdogo wako anakula polepole, mtengee sahani yake. Hilo huhitaji ruhusa ya mtu. La firigisi ya kuku, ambayo tangu zamani ni ya baba, sitawashauri mlianzishe mezani leo.

Habari njema ipo. Mwaka 1991–92 karibu nusu ya watoto wadogo wa Tanzania walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 30 katika kila 100. Bado ni wengi, ila nusu na theluthi si kitu kimoja.

Hayo ni ya wadogo. Ninyi wa darasa la tano, la sita na kidato cha kwanza mna mambo yenu, na najua ndiyo mnayoyangoja.

Kabla ya kurefuka kwa kasi, watoto wengi hujaza kwanza. Mashavu yanakuwa ya mviringo, tumbo linatoka kidogo, suruali inabana kiunoni. Mwili unaweka akiba kwa ajili ya ujenzi. Kisha msichana, kwenye miaka 12 hivi, anarefuka ghafla. Mvulana huchelewa, mara nyingi hufika miaka 14. Ndiyo maana katika darasa moja utakuta wasichana wanawapita wavulana kwa kichwa kizima, na mvulana mdogo kuliko wote anaitwa kidude mpaka kidato cha pili, ambapo anarudi kutoka likizo na sauti nzito na hakuna anayemwita hivyo tena. Msichana naye nyonga zinapanuka, mapaja yanajaa. Hajafanya kosa lolote kwenye sahani. Mwili wake unafuata kalenda yake, na kila mtu ana yake. Aliyekua kwa shida utotoni huchelewa zaidi, naye anafika.

Sasa fikiria mtu anamwambia mtoto wa umri huo, "Acha kula." Nini kinatokea? Mwaka 1945, vita vya pili vya dunia vikielekea mwisho, wataalamu wa chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, wakiongozwa na Ancel Keys, walitaka kujua njaa inamfanyia nini mtu, ili waweze kuwasaidia waliokuwa na njaa Ulaya. Vijana 36 wazima, waliokataa kwenda vitani, wakajitolea. Kwa miezi 6 walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini la ajabu lilikuwa kichwani. Vijana wasomi wale walianza kuota chakula. Walilamba sahani. Walikaa wakisoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi, walikasirika kwa jambo dogo, wakaacha kupenda mazungumzo na marafiki. Na walipofunguliwa, wengine walikula bila kuweza kujizuia, hata tumbo likiwa limejaa.

Hao walikuwa watu wazima waliokubali wenyewe. Mtoto anayenyimwa kwa kuchekwa naye ataanza kuwaza chakula kutwa, atakula kwa kujificha nyuma ya jiko, kisha atajiona mwovu. Halafu tunasema ana tamaa.

Sisemi unene hauna madhara. Mpanda ya leo ina chipsi mayai kila kona ya Makanyagio na Majengo, soda baridi, biskuti, na bodaboda ya kumpeleka mtoto shule ambayo angeifikia kwa miguu kwa dakika kumi. Kisukari na presha vinakuja na maisha hayo, na vinawapata watu wembamba pia. Katika utafiti ule wa 2015–16, wanawake 28 katika kila 100 nchini walikuwa na uzito uliozidi. Kwa hiyo lipo la kufanya. Ninachokataa ni kulifanya kwa mtoto mmoja peke yake. Kama soda ni nyingi nyumbani, ipunguzwe kwa wote, pamoja na baba anayeinywa jioni akitazama mpira. Kumwekea mmoja matembele wakati ndugu zake wanakula chipsi ni adhabu, hata ukiiita lishe. Na kama mzazi ana wasiwasi wa kweli, zahanati wapo watu wenye mizani na kipimo cha urefu. Wao wanaangalia namna ulivyokuwa ukikua mwaka hadi mwaka, jambo ambalo shangazi aliyeshuka kwenye basi hawezi kulijua kwa kukutazama mara moja.

Limebaki la simu. Tanzania Bara televisheni ilianza 1994, na mwaka huo huo mashindano ya Miss Tanzania yakarudishwa baada ya kuwa yamepigwa marufuku tangu miaka ya 1960. Wasichana wembamba warefu wakaanza kuonekana kwenye vioo vya sebuleni, katika nchi ambayo bibi harusi mwembamba alikuwa akipikiwa supu. Tukawa na mizani mbili kwa mpigo. Leo simu imeongeza ya tatu: kiuno chembamba na nyonga pana, "shepu," ambayo nusu yake inatengenezwa na programu ya picha na nusu nyingine na nguo ya kubana.

Kuna visiwa viitwavyo Fiji, mbali katika Bahari ya Pasifiki. Huko nako watu walipenda mwili uliojaa, na mgeni alihimizwa kula kama kwetu. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Daktari Anne Becker wa chuo kikuu cha Harvard aliwauliza wasichana wa shule wakati inaingia, akarudi 1998 kuuliza tena. Mara ya kwanza hakumpata msichana aliyejitapisha ili akonde. Baada ya miaka mitatu, walikuwa kama 11 katika kila 100. Chakula cha Fiji hakikubadilika hivyo kwa miaka mitatu. Kilichobadilika ni watu waliokuwa wakiwatazama jioni. Kama nawe, au rafiki yako, umeanza kujitapisha au kuruka milo kwa siri, hilo ni la kumwambia mtu mzima unayemwamini leo, siyo wiki ijayo. Ni ugonjwa, na unatibika.

Nina kazi moja ya kuwapa. Kila mmoja wenu alipozaliwa mama alipewa kadi ya kliniki. Ndani yake kuna mchoro wenye rangi, kijani, kijivu na nyekundu, na kila mwezi muuguzi alikuning'iniza kwenye mizani, ukalia, akaweka nukta. Mchoro wa namna hiyo aliuanzisha daktari David Morley alipokuwa akifanya kazi kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria, miaka ya 1950 na 1960, kwa sababu alitaka mama abaki na habari ya mtoto wake nyumbani badala ya kuiacha kabatini hospitali. Mama zenu wengi bado wanazo, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya ubatizo na risiti za ada.

Muombe akuonyeshe yako. Fuata mstari kwa kidole. Utaona mahali ulipopanda vizuri, na huenda utaona mahali uliposimama, au ulipoteremka ukakaribia kijivu. Tazama ni mwezi gani. Kisha muulize mama mwezi ule kulikuwa na nini: ulikuwa na malaria, mdogo wako alizaliwa, baba alikuwa safarini, au ilikuwa Februari na debe la mwisho limekwisha. Akianza kusimulia, nyamaza usikilize. Akisema yuko kwenye kazi, mshikie ndoo upande wa pili, mwende pamoja. Wengi husimulia vizuri zaidi wakiwa wanafanya kitu.